UZI: Tumbo linalowaka miaka nenda rudi na saratani ya tumbo. Nani hasa yuko kwenye hatari?

#1 Maabara_Dom (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Hapa Dodoma nakutana mara kwa mara na watu wa aina mbili. Wa kwanza kapimwa, kaambiwa ana bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori, kaingia mtandaoni akakuta neno saratani, na sasa hali wala halali. Wa pili tumbo limemsumbua tangu yuko sekondari, anameza omeprazoli kila asubuhi, hajawahi kupima chochote, na ukimwuliza anakwambia "ni vidonda tu, nimeshavizoea". Wa kwanza anaogopa kuliko hali yake inavyostahili. Wa pili haogopi kabisa, na huyo ndiye ninayemwandikia zaidi.

Nafanya kazi maabara, upande wa vipande vya nyama vinavyotolewa mwilini na kuangaliwa kwa darubini. Si daktari wa tumbo na sitamwandikia mtu dawa humu. Ninachoweza ni kueleza kile tunachokiona kwenye kioo na maana yake kwa miaka inayokuja.

Tuanze na kupanga mambo. Tukisema "vidonda vya tumbo" huku kwetu tunaweka kapu moja vitu vitatu. Kuna asidi inayopanda kifuani, yaani kiungulia. Kuna kidonda chenyewe, shimo kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo. Na kuna ukuta wa ndani wa tumbo uliovimba kwa muda mrefu, umejaa chembe za kinga zinazopigana vita isiyoisha. Hiki cha tatu ndicho chenye safari ndefu ya kuelekea saratani, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi hakiumi. Mtu anaweza kuwa nacho miaka 30 asijue.

Chanzo kikubwa ni bakteria Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliomtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenzao hawakuwaamini, kwa sababu wakati ule ilikuwa inafundishwa kwamba vidonda vinaletwa na mawazo na asidi. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe bakteria hao, tumbo likavimba, ushahidi ukapatikana. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilishamweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la moshi wa sigara.

Bakteria huyu tunampata utotoni, mara nyingi ndani ya familia, na asipotibiwa anakaa na wewe mpaka kufa. Kinachofuata kilielezwa na mpatholojia wa Colombia, Pelayo Correa, mwaka 1975. Ukuta unavimba. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi, tezi zinazotengeneza asidi zinaanza kufa na ukuta unakuwa mwembamba. Hiyo inaitwa atrofi. Halafu kwenye sehemu zilizochakaa mwili unaotesha chembe zinazofanana na za utumbo, vitu ambavyo havina kazi tumboni. Hiyo ni metaplasia. Kwa wachache chembe hizo zinaanza kuharibika sura, hiyo ni displasia. Na wachache kati ya hao wanafika kwenye saratani. Safari hii huchukua miongo, na watu wengi wanasimama kituo cha kwanza au cha pili wasiendelee kamwe.

"Wachache" ni wangapi? Hapa ndipo wengi wanapotishwa au kupumbazwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sweden walifuatilia watu zaidi ya 405,000 waliowahi kuchukuliwa nyama ya tumbo, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa kipindi cha miaka 20, waliokuwa na ukuta wa kawaida alipata saratani mtu mmoja kati ya 256. Waliokuwa na ukuta uliovimba tu, mmoja kati ya 85. Wenye atrofi, mmoja kati ya 50. Wenye metaplasia, mmoja kati ya 39. Wenye displasia, mmoja kati ya 19.

Zisome tena taratibu. Mwenye metaplasia, neno linalowatisha watu kwenye karatasi ya majibu, 38 kati ya 39 hawakupata saratani ndani ya miaka 20. Lakini pia hatari yake ni zaidi ya mara sita ya yule mwenye ukuta mzima. Yote mawili ni kweli, na anayekwambia moja tu hajakutendea haki.

Uholanzi walifanya hesabu kama hiyo kwa watu zaidi ya 92,000, ikatoka mwaka 2008. Kwa mwaka mmoja, mwenye atrofi hatari yake ilikuwa asilimia 0.1, metaplasia asilimia 0.25, displasia ndogo hadi ya wastani asilimia 0.6, na displasia kali asilimia 6. Mnaona pale mwisho inavyoruka? Displasia kali si ya kusubiri mpaka mavuno yaishe.

Hizo ni takwimu za Ulaya, za watu waliochunguzwa mapema na kufuatiliwa. Zichukueni kama kipimo cha tofauti kati ya hatua moja na nyingine.

Kwa hiyo swali la "nina vidonda, nitapata saratani?" halijibiki hivyo. Swali linalojibika ni: bakteria yupo au hayupo, na ukuta wangu umefika kituo gani. La kwanza linajibiwa na kipimo cha kinyesi au cha pumzi. La pili linajibiwa na kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, pamoja na nyama iliyochukuliwa, basi. Hakuna anayeweza kulijibu kwa kukubonyeza tumbo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Alizeti Kibaigwa

Shukrani sana mkuu. Mimi ni huyo wa pili uliyemtaja, mwaka wa kumi na kitu huu na omeprazoli za dukani. Nikiacha siku mbili moto unawaka. Sasa hizo dawa zenyewe ndizo zinaleta saratani au zinazuia?

#3 Maabara_Dom

Mkuu, omeprazoli inapunguza asidi, na kwa kazi hiyo ni dawa nzuri. Haimuui bakteria. Tatizo ni kuitumia miaka huku bakteria yupo. Asidi ikipungua, bakteria aliyekuwa amejificha sehemu ya chini ya tumbo anapata nafasi ya kupanda sehemu ya juu ya tumbo, kule zilipo tezi za asidi, na uvimbe unahamia huko. Uvimbe wa sehemu ya juu ndio unaokwenda na atrofi. Ndiyo maana miongozo inasema anayetarajia kutumia dawa hizi muda mrefu apimwe H. pylori kwanza na atibiwe.

La pili, dawa inanyamazisha dalili. Hata kidonda cha saratani changa kinaweza kupoa kwa omeprazoli kwa muda, mtu akajiona amepona.

Moto kuwaka ukiacha ghafla ni kitu kinachojulikana, asidi inarudi kwa nguvu wiki chache. Usiache mwenyewe kwa hasira baada ya kusoma uzi huu. Nenda upimwe, mpange na daktari namna ya kushuka.

Na kabla ya kipimo cha kinyesi, omeprazoli isimame wiki mbili na antibiotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo kumbe yupo. Kiungulia kikikubana katikati ya wiki hizo mbili, mwulize mfamasia dawa ya maji ya kupoza asidi.

#4 Mzee wa Zabibu

Vijana, mimi nimezaliwa Hombolo na nimekula mlenda na ugali wa uwele maisha yangu yote. Hao bakteria nasikia huku kwetu watu wengi wanao. Mbona wazee wetu hawakufa kwa saratani ya tumbo? Naona haya ni mambo ya wazungu na Wajapani.

#5 Maabara_Dom

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo wanasayansi wenyewe wamelihangaikia. Mwaka 1992 daktari mmoja, Holcombe, aliliandikia makala kwenye jarida la Gut na kuliita fumbo la Afrika: bakteria ni wengi, saratani inayoandikwa hospitalini ni chache.

Yametolewa majibu kadhaa. Bakteria hawalingani ukali. Wale wenye jeni iitwayo cagA wanachokoza zaidi. Minyoo tuliyokuwa nayo utotoni inaweza kuwa ilibadilisha namna kinga ya mwili inavyopambana. Chakula kinachangia, na mlenda na uwele si vya kulaumiwa hapa, mzee, endelea navyo.

Ila kuna jibu ambalo mimi kwa kazi yangu nalipa uzito mkubwa. Zamani kamera ya tumbo ilikuwa wapi? Mzee akikonda, akatapika kila anachokula, akafa nyumbani, aliandikwa wapi kwamba ni saratani ya tumbo? Wengi walizikwa ikisemwa "tumbo lilimsumbua". Na wengi walikufa kwa malaria na kifua kikuu kabla hawajafika umri ambao saratani hii hujitokeza. Sasa hivi watu wanafika miaka 70, na ugonjwa unaochukua miaka 30 au 40 kuiva unapata muda wake.

Duniani, kwa mwaka 2022 peke yake, wagonjwa wapya wa saratani ya tumbo walikuwa karibu 970,000 na waliokufa karibu 660,000. Tofauti kati ya hizo namba mbili ni ndogo mno kwa sababu wengi hugunduliwa wamechelewa.

#6 Mzee wa Zabibu

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "tumbo lilimsumbua" umenigusa. Nimewakumbuka watu.

#7 BintiKondoa

Dada/kaka Maabara, mimi nilipigwa kamera mwaka jana, wakasema nina kidonda kwenye duodeni, ule mwanzo wa utumbo mdogo, na H. pylori. Nikapewa dawa za siku 14. Tangu hapo kila nikihisi tumbo kujaa gesi nadhani saratani imeanza. Nina miaka 29. Nisaidie.

#8 Maabara_Dom

Pole mdogo wangu. Nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui: kidonda cha duodeni kinakwenda na hatari ndogo ya saratani ya tumbo.

Kuna utafiti mashuhuri wa Japani uliotoka mwaka 2001. Walifuatilia watu 1,526 kwa wastani wa miaka karibu minane. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani. Kati ya 280 wasiokuwa na bakteria, hakupata hata mmoja. Lakini walipowagawa, wenye kidonda cha duodeni, ambao pia walikuwa na bakteria, hakupata hata mmoja. Waliopata ni wenye atrofi kali, metaplasia, uvimbe uliokaa sehemu ya juu ya tumbo, wenye vidonda vya tumbo lenyewe, na hata wale waliokuja na tumbo kujaa tu bila kidonda.

Sababu yake inaeleweka. Mwenye kidonda cha duodeni ana asidi nyingi, tezi zake zinafanya kazi sana. Mwenye atrofi tezi zimekufa, asidi imekwisha, ndiyo maana wakati mwingine anajisikia nafuu kuliko zamani. Kwa hiyo ukali wa maumivu haukuambii kabisa uko wapi kwenye ile safari. Wewe uliyelia usiku kwa maumivu unaweza kuwa salama kuliko jirani yako aliyetulia.

Swali langu kwako ni moja: baada ya zile siku 14, ulipimwa tena kuhakikisha bakteria amekufa?

#9 BintiKondoa

Hapana. Waliniambia dozi ikiisha nimepona. Halafu nikapima damu pale duka la dawa ikasema bado ninao, nikazidi kuchanganyikiwa.

#10 Maabara_Dom

Kile cha kutoboa kidole kinatafuta kumbukumbu ya mwili, si bakteria mwenyewe. Ukishawahi kuwa naye kinaweza kuendelea kusema ndiyo kwa miezi, hata miaka, baada ya kupona. Hakifai kabisa kuthibitisha kupona. Rudi upime kinyesi, kile kipimo cha antijeni kinachotafuta bakteria mwenyewe, angalau wiki nne baada ya dozi kuisha. Kwako muda umeshapita sana kwa hiyo hata kesho unaweza, ilimradi hujameza omeprazoli wiki mbili hizi.

Wakuu, hili la kupima tena naomba mlichukue kwa uzito wote. Dawa ya siku 14, ule mchanganyiko wa klarithromaisini, amoksilini na dawa ya asidi, haifaulu kwa kila mtu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, umekuta bakteria wenye usugu dhidi ya klarithromaisini, na metronidazoli nayo imetumika ovyo Afrika nzima kwa kila kuhara mpaka imechoka. Mtu akimaliza dozi, maumivu yakapoa, bakteria akabaki, miaka 20 baadaye anakuja kwetu na kipande cha nyama kimebadilika na anaapa kwamba alishatibiwa. Ikishindikana mara ya kwanza kuna mchanganyiko mwingine, daktari atabadilisha.

#11 Nesi Mstaafu

Naunga mkono. Naongeza la wodini. Wagonjwa wakipigwa kamera wanaulizia picha tu, ile karatasi ya majibu ya nyama hawairudii. Inakaa faili, mwenyewe yuko Mpwapwa analima. Jamani, majibu ya nyama yanatoka siku kadhaa baada ya kamera. Fuateni, ombeni nakala, ihifadhini na vyeti vyenu.

#12 Maabara_Dom

Dada yangu umesema jambo ambalo linaniuma kila siku. Majibu ya nyama yasipochukuliwa, kazi yote ya kamera imepotea nusu.

Mkiipata karatasi angalieni haya. Je, nyama ilichukuliwa sehemu zaidi ya moja? Utaratibu unaofuatwa kimataifa ni vipande vitano, vya chini, vya kwenye kona na vya juu, maana metaplasia inaota kwa mabaka na kipande kimoja kinaweza kuikosa. Kuna neno atrofi, metaplasia au displasia? Na limetajwa sehemu ya chini pekee au mpaka juu?

Kwa miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019, mwenye mabadiliko madogo ya sehemu ya chini tu, bakteria ameshauawa, na kwao hakuna historia ya saratani ya tumbo, hahitaji kurudia kamera kila mara. Mabadiliko yakiwa yameenea mpaka juu, kamera kila miaka mitatu. Yakiwa yameenea hivyo na kwao kuna mzazi au ndugu wa damu aliyeugua, kila mwaka mmoja hadi miwili. Displasia ni kuonana na mtaalamu mara moja.

Kwa walio Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ina huduma za kibingwa. Waulizeni kuhusu kamera na bima yenu kabla ya siku yenyewe.

#13 Alizeti Kibaigwa

Vipi kuhusu juisi ya kabichi, asali, unga wa mbegu za papai? Huku kuna mama anauza dawa ya kumaliza vidonda kwa siku saba.

#14 Maabara_Dom

Kabichi kula, asali kula, mboga na matunda yanasaidia mwili. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kumwondoa H. pylori. Ukitaka kutumia, sawa, ila pima kinyesi kabla na baada. Kipimo ndicho kitakachosema ukweli kuhusu dawa yoyote, ya huyo mama au ya hospitali.

Ninachowasihi zaidi ni upande wa chumvi, tumbaku na pombe. Vyakula vilivyokaushwa kwa chumvi nyingi vinaongeza hatari, sigara inaongeza, pombe nyingi ya kila siku nayo. Samaki mkavu wa Mtera mara moja moja si neno. Kula ng'onda wa chumvi kila siku huku unavuta sigara na bakteria yupo, hapo mambo matatu yanasukumana upande mmoja. Pilipili na maharage vinaweza kukukera tumbo, lakini havimo kwenye mnyororo huu.

Na diklofenaki mnazonunua kwa ajili ya mgongo zinatoboa tumbo kweli, zinaweza kukutoa damu ukafa, ila njia yake ni nyingine, si hii ya saratani.

#15 Nesi Mstaafu

Dalili za kukimbia hospitali usiandike kwa kufumba, Maabara. Watu wasome.

#16 Maabara_Dom

Sawa dada. Kukonda bila sababu. Kushiba kwa matonge mawili matatu. Chakula kukwama kikishuka. Kutapika mara kwa mara au kutapika damu. Choo cheusi kama lami. Damu kupungua na haijulikani inaenda wapi. Na tumbo kuanza kusumbua kwa mara ya kwanza ukiwa mtu mzima wa miaka 50 na kitu. Ukiwa na mojawapo usianze na kipimo cha kinyesi, omba kamera.

Kuna kundi jingine dogo: wale ambao kinga ya mwili yenyewe inashambulia tezi za tumbo, bila bakteria. Hawa huishiwa vitamini B12, wanapata ganzi miguuni na upungufu wa damu. Nao wana hatari iliyoongezeka na wanahitaji kufuatiliwa.

#17 Mzee wa Zabibu

Swali langu la mwisho. Mdogo wangu alifariki kwa saratani hii, iliandikwa kabisa. Mimi nina miaka 66. Kumwua huyo bakteria sasa kuna faida au nimechelewa? Na watoto?

#18 Maabara_Dom

Pole sana mzee wangu. Ndugu wa damu wa aliyeugua hatari yao huwa mara mbili hadi tatu ya watu wengine, kwa hiyo wewe umo kwenye kundi la kupimwa bila kusubiri dalili.

Faida ipo. Huko Linqu, jimbo la Shandong, China, mwaka 1995 walitibu watu kwa wiki mbili tu. Walipowaangalia baada ya miaka 22, saratani ya tumbo ilikuwa imepungua karibu nusu kuliko wasiotibiwa. Korea Kusini walifanya kwa watu kama wewe hasa, wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliopewa dawa, hatari ilishuka kwa asilimia 55, na wale ambao bakteria alithibitika kufa ilishuka kwa asilimia 73.

Kwa umri wako, kumwua bakteria peke yake hakutoshi. Ukuta ukishabadilika kuwa metaplasia mara nyingi haurudi ulivyokuwa, hata bakteria akifa. Kwa hiyo wewe omba vyote viwili, kamera na nyama kutoka sehemu zote, na uwaambie wazi kwamba ndugu yako alifariki kwa saratani ya tumbo. Hilo linabadilisha muda wa kurudia kamera.

Watoto wa mdogo wako ndio waanze, maana mzazi wao ndiye aliyeugua. Wako nao wapime, ingawa kwao hatari si kubwa kama yako. Walio watu wazima wapime kinyesi, atakayekutwa naye atibiwe na apimwe tena. Kwao kuna uwezekano mkubwa ukuta bado haujabadilika, na hapo ndipo dawa ya siku 14 inapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

#19 Mzee wa Zabibu

Nimewapigia. Jumatatu tunakwenda wanne.

#20 BintiKondoa

Kaka/dada nitaleta majibu ya kinyesi humu humu. Naanza kuhesabu wiki mbili bila omeprazoli leo.